Shemasi Aliyewavisha Waandamanaji wa Bangi

Kanisani kwetu Guangzhou, China, tulikuwa na mashemasi kadhaa, lakini ukisema "Shemasi" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mrefu, mwenye mabega yaliyoumbwa kwa ajili ya koti, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumkuta amevaa kizembe. Guangzhou mwezi wa saba ni jiko. Ukitoka kwenye lifti miwani inajaa mvuke, na shati linagandamana na mgongo kabla hujafika kituo cha metro. Sisi wengine tulikwenda sokoni na fulana na ndala. Shemasi alikwenda na suti ya vipande vitatu, tai, na soksi zilizoshabihiana na leso ya mfukoni. Siku moja nilimuuliza kama hasikii joto.

"Joto iko, Mama," akanijibu. "Lakini haiko ndani ya suti yangu. Haikualikwa."

Mimi ni mtu wa Morogoro, na kazi yangu ni kukusanya mizigo ya wafanyabiashara, kuifunga, na kuhakikisha inaingia kwenye kontena linalokwenda bandari ya Huangpu. Kwa hiyo kuyajua mambo ya Shemasi, fundi aliyekuwa akiuza nguo nje, hakukuhitaji umbeya. Anayekufungia mizigo anakujua kuliko mke wako. Nilijua kwamba huweka vipande vya sabuni katikati ya nguo ili mteja akifungua boksi anuse usafi kwanza. Nilijua kwamba huliombea kila boksi, na kwamba akishasema "amina" hulifungua tena kuhakikisha kola hazijajikunja.

Alikuwa na usemi wake mmoja ambao wote tuliukariri: "Mutu anasomwa mbele, kisha njo anasikiwa," yaani mtu husomwa kwanza kwa macho, ndipo asikilizwe. Aliutumia kwa kila jambo. Vijana wakienda kuomba kuongezewa muda wa viza, aliwapanga mstari ukumbini na kuwakagua kucha. Mhubiri mmoja mgeni alitufikia kutoka nyumbani, mtu wa Mungu kweli, lakini amevaa raba nyeupe zenye taa zinazowaka nyuma ya kisigino. Shemasi alimzuia kwenye korido ya ile hoteli tuliyokodi ukumbi. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba mhubiri alipanda madhabahuni na viatu vyeusi vinavyompwaya, akawa anahubiri huku anaburuza miguu, na Shemasi alikaa ibada nzima nyuma ya ngoma, ameficha miguu iliyovaa raba zile zisiwake. Ziliwaka wakati wa maombi ya toba. Alikuwa amesahau kwamba ukipiga magoti kisigino kinatikisika.

Sokoni alikuwa mtu mwingine kabisa. Kichina chake kilikuwa maneno manne, yakiwemo "laoban", yaani bosi, na "tai gui", yaani ghali mno, lakini hakuyahitaji. Pale Zhongda, kwenye mitaa ya vitambaa, sisi wengine tulibishana mpaka koo likakauka. Yeye alikishika kitambaa kwa vidole viwili, akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Halafu akakiachia taratibu. Laoban mwenyewe ndiye aliyeanza kuhangaika, "Nini? Nini mbaya?" Wauzaji waliotuambia sisi "mei you", hakuna, walimfungulia yeye makabati ya ndani na kumvutia kiti.

Sasa, mtu huyu alichukia moshi. Sigara aliichukia, lakini bangi aliichukia kwa namna ya pekee, na sababu yake haikuwa ile ya wachungaji. Alinisimulia mwenyewe. Alijifunza ushonaji kwa fundi mmoja hodari sana, mtu aliyeweza kukupima kwa jicho. Fundi yule akaanza kuvuta. Siku moja akakata suti ya bwana harusi, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine, na hakuna aliyegundua mpaka bwana harusi anatembea kuelekea madhabahuni.

"Batu wote walifikiri ni kilema," Shemasi alisema, na macho yakamlenga machozi kweli. "Mama wa bibi harusi akaanza kulia. Aliuliza kwa nini hawakumuambia. Njo siku ile nilijua ile kitu ni ya shetani."

Pua yake ilikuwa macho saa zote. Jumapili moja, tukiwa katikati ya wimbo, alisimama ghafla, akanusa, akanyoosha kidole sakafuni. Chini ya ukumbi wetu kulikuwa na kliniki ya tiba za Kichina. Akashuka, na mimi nikamfuata kwa sababu nilijua kuna jambo la kuonwa. Alifungua mlango kwa kishindo akasema kwa Kifaransa, "Kwa jina la Yesu!" Ndani walikuwamo mabibi vikongwe wa Kichina wamelala kwenye vitanda, kila mmoja na kijiti cha majani makavu kinachofuka moshi juu ya goti. Harufu ilikuwa ileile, wala simlaumu. Kumbe ni dawa yao ya baridi yabisi, jani fulani la porini wanalolichoma karibu na ngozi. Tabibu wa pale, mwanamke mpole, hakuelewa neno hata moja, lakini alimwona Shemasi anavyoingia kwa kuchechemea. Akampigapiga begani, akamlaza.

Nilirudi juu peke yangu. Yeye alirudi wakati wa matangazo, anatembea vizuri kama kijana, ananuka bangi tupu. Watu wakasogea pembeni. Mchungaji akapoteza mstari aliokuwa anausoma. Shemasi akaketi mbele, akanyoosha suruali yake, akainua uso kama mtu asiye na la kujitetea.

Nasema haya yote ili ujue ni mtu wa aina gani aliyepokea ile oda ya Cape Town.

Mteja alikuwa kijana wa Lubumbashi aliyehamia kule, wakawasiliana kwa sauti za simu tu, hawajawahi kuonana. Alitaka majaketi ya jinzi, mengi, ya sherehe ya mavuno, na mgongoni yatariziwe jani kubwa la kijani lenye vidole vilivyotawanyika. Shemasi alinipigia nimsindikize Xintang, kwenye karakana za jinzi, kwa sababu mwenye karakana, mama mmoja mnene mwenye mkasi shingoni, alikuwa amekataa. Alikuwa anapunga mikono na kutaja polisi.

"Hii ni jani ya nini, Papa?" nikamuuliza.

"Sombe."

Sombe ndiyo sisi tunaita kisamvu. Nikatazama picha. Nikamtazama yeye.

"Una hakika?"

"Nimeuliza kijana. Amesema ni jani ya nyumbani, jani ya wazee. Sasa nyumbani tunakulaka nini? Sombe." Akaitoa simu, akamtafutia yule mama picha ya shamba la mihogo, akagusa tumbo, akafanya ishara ya kutwanga, ya kupika, ya kula, ya kulamba vidole. Mama yule uso ukamfunguka. Kumbe kwao vijijini huku Guangdong mihogo ipo, bibi yake aliilima. Akacheka, akatukaribisha chai, na cherehani za kutarizi zikaanza siku hiyohiyo.

Mpaka leo sijui kama Shemasi aliamini. Mtu aliyeijua harufu ile kupitia sakafu ya zege hakuijua sura yake? Lakini pia inawezekana. Alikuwa amekutana na moshi maisha yake yote, jani lenyewe hakuwahi kuonyeshwa. Wapo watu wanaochukia nguruwe ambao hawajawahi kumwona.

Majaketi yalifika ghalani kwangu yakiwa safi, yananukia sabuni. Asubuhi moja wakaja polisi kwenye ukaguzi wa kawaida wa maghala. Wakafungua boksi la kwanza la mkono wao wa kulia. Nadhani hata wao walishtuka. Jani lilikuwa kubwa kama sinia, limetariziwa kwa uzi unaong'aa.

Tulipelekwa kituoni, mimi na yeye, bila kelele. Nchi ile haina mchezo na dawa za kulevya, kila mtu anajua. Nilikuwa nawaza watoto wangu, viza yangu, kazi yangu yote. Shemasi alikuwa ametulia kama mtu aliyekwenda kutoa ushuhuda. Walituletea mkalimani, binti aliyesoma Kifaransa chuoni, na Shemasi akamweleza habari ya sombe tangu kupanda: namna ya kuchuma, namna ya kutwanga, mawese yanaingia lini, samaki anaingia lini. Binti alitafsiri kwa uaminifu. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akamshika Shemasi mkono, akampeleka ukutani palipobandikwa bango la kuelimisha umma juu ya madawa. Pale palikuwa na picha ya jani.

Shemasi akavaa miwani. Akasogea. Akahesabu vidole vya jani kwa ncha ya kalamu. Halafu akainama karibu zaidi, na nikaona shingo yake inabadilika rangi juu ya kola.

"Mama," akaniambia kwa sauti ndogo, bila kugeuka. "Iko na meno."

"Nini?"

"Pembeni. Sombe haina meno."

Hakuna mtu aliyecheka. Alipewa kikombe cha plastiki kwa ajili ya vipimo. Akakitazama kile kikombe, akaitazama suti yake, akamwomba mkalimani amuulize afisa kama kuna mahali pa kutundika koti. Palikuwapo. Vipimo vyake vilikuwa safi, vyangu pia, na nadhani ile habari ya koti ilimlainisha afisa kuliko vipimo. Tulionywa vikali, tukaandikisha maelezo, tukaambiwa jambo moja: jani lile halitoki kwenye ghala lile likiwa linaonekana.

Kijana wa Cape alikuwa anapiga simu kila saa, siku ya matembezi yao inakaribia. Ndipo akamwambia Shemasi ukweli wote. Si sherehe ya mavuno. Ni maandamano ya kudai bangi iruhusiwe na sheria, wanayafanya kila mwaka, na kila mwaka wanapigwa picha wakiwa na makofia ya kufuma ya rangi tatu, fulana zenye mafuvu yanayovuta, mmoja amevaa kama msokoto mkubwa. Alimtumia video. Shemasi aliitazama ghalani, amesimama kati ya maboksi. Nilingoja aanze kukemea. Alikemea, naam.

"Tazama! Tazama huyu! Suruali inaanguka! Anaenda kuongea na serikali, na matako iko inje!"

Angeweza kuyatupa majaketi. Mimi nilimshauri ayatupe. Lakini ndani ya mtu yule fundi alikuwa mkubwa kuliko shemasi. Alirudi Xintang na majaketi yote, akamwomba radhi yule mama kwa ishara zinazotia huruma, na kila jani likafunikwa kwa kipande cha kitambaa cha rangi ya samawati iliyoiva, cha mstatili, kimeshonwa pindo mbili. Hakuna picha, hakuna neno. Yakatoka majaketi ya heshima kabisa, kama ya shule ya ufundi. Nikayapakia.

Kijana alipofungua maboksi alimtukana Shemasi kwa lugha tatu. Lakini hakuwa na majaketi mengine, siku ilikuwa imefika. Wakayavaa. Na jioni yake taarifa za huko zikasema kwamba mwaka huu waandamanaji walionekana watu makini, wenye nidhamu, wamevaa sare isiyo na majigambo, na kwamba diwani mmoja ambaye kila mwaka aliwafungia mlango, safari hii alitoka akawasikiliza. Kijana akapiga simu tena, sauti imebadilika.

"Papa Shemasi," akasema. "Utatufanyia tena zile safi?"

Shemasi alikata simu. Akanitazama, akajaribu kukunja uso, akashindwa. Sijawahi kuona mtu anapigana na furaha yake namna ile.

Kilichomponza ni ukarimu. Jaketi moja lilibaki, akampa mpiga ngoma wetu kanisani. Haukupita muda video ya maandamano ikaingia kwenye simu za waumini, maana Wakongomani wako kila mahali na simu zao ziko kila mahali, na muumini mmoja akainua macho kutoka kwenye simu, akamtazama mpiga ngoma, akarudisha macho kwenye simu. Baraza la wazee likaitishwa. Mimi niliitwa kama shahidi wa mizigo.

Mchungaji wetu alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye subira, asiyependa makelele. Akamuuliza mbele ya wote, "Shemasi, unaunga mkono bangi?"

"Hapana, Mchungaji. Ninaichukia na roho yangu yote."

"Basi kwa nini unawavisha?"

"Kwa sababu walikuwa bamevaa mubaya."

Mzee mmoja akakohoa. Shemasi akaona amepewa nafasi, akaendelea: "Bwana wetu alikula na watoza ushuru. Biblia haisemi popote kama hakuwanyooshea kola."

Nadhani kama asingeongeza hilo la kola wangemsamehe. Walimsimamisha ushemasi. Akaondolewa kwenye kupokea sadaka, kwenye kukaribisha wageni, akapelekwa benchi la nyuma kabisa karibu na friji la maji. Alikwenda. Alikaa pale amevaa vizuri kuliko siku zote, na kila aliyeingia alimsalimia yeye kwanza, kwa sababu alikuwa karibu na mlango. Lakini mimi nilimwona akitazama mikono yake wakati wengine wanapitisha vikapu. Iliniuma. Alikuwa hana familia huku, watoto wamekua wametawanyika. Kile kikapu ndicho kilichokuwa nyumbani kwake.

Nikamwambia, "Papa, achana na hao watu wa Cape. Waambie basi."

"Nimejaribu," akasema. "Lakini Mama, ukiwaona! Sasa wanataka kuvaa tai, hawajui kufunga!"

Basi hakuacha, ila alibadilika. Kutoka majaketi akahamia makoti rasmi. Tulikwenda Zhongda pamoja kutafuta kitambaa, samawati ileile iliyoiva, akafumba macho mbele ya majora mengi kabla ya kuridhika. Na kila mwezi wa maandamano ulipokaribia alituma maagizo kwa sauti, amesimama ghalani kwangu kama jemadari. Wenye rasta wazifunge nyuma. Mabango yaandikwe na mtu anayejua kuandika. Mbele watangulie akina mama na wazee, vijana wafuate, asiwepo wa kukimbia.

"Na mutu asivute siku ile," akamalizia. "Sisemi juu ya dhambi. Ninasema juu ya kitambaa. Moshi inaingia mu kitambaa, haitoki."

Wakamtii! Yalikuwa maandamano ya bangi yasiyo na bangi. Watu wa zamani wa harakati zile walikasirika. Mzee mmoja wa rasta, aliyetembea miaka yote tangu walipokuwa wachache wanaokimbizwa na mbwa, alimtumia Shemasi ujumbe wa sauti wenye uchungu, kwamba amewapokonya sura yao, kwamba sasa wanafanana na watu wa benki wanaokuja kukunyang'anya nyumba. Kijana wa Cape alikuwa amemtafsiria. Shemasi alinichezea ujumbe ule mara nyingi, anatabasamu kwenye neno "benki". Lakini baadaye, tukiwa tunafunga mzigo, akasema ghafla, "Yule muzee pengine ana haki. Suti yaweza kuficha mutu pia." Kisha akaniletea koti la mzee yule, la kijani, la mtindo ambao mzee mwenyewe aliutaka, kwenye boksi la peke yake. Sijui kama mzee alilivaa.

Wakati huohuo sheria kule ilikuwa imelegezwa kidogo, mtu aruhusiwe kutumia nyumbani kwake, na wao wakaendelea kutembea kudai mengine. Ukimuuliza Shemasi nini kilicholegeza sheria, mahakama au wanasheria, alikujibu kwa unyenyekevu, "Ni pindo."

Benchi la nyuma lilimwisha kwa njia ambayo hakuna aliyeitegemea. Makanisa ya mji uleule wa Cape yaliamua nayo kuandamana, kupinga bangi, na walitaka sare nzuri za bei nafuu kutoka China. Wakamwandikia Mchungaji wetu. Mchungaji alizunguka huku na huko, akaniuliza mimi, akamuuliza huyu na yule, na kila mtu akamtajia jina moja. Jumapili ikabidi atembee kutoka madhabahuni mpaka kwenye friji la maji.

"Shemasi," akasema, na kwa kulitamka neno hilo akawa amemrudishia kazi bila baraza. "Tuna jambo la Mungu."

Shemasi alifanya kazi ile kwa machozi ya shukrani. Hakulala, hakula. Nilipakia maboksi mengine kwenda Cape, nikashangaa yanavyofanana na ya kwanza, lakini si kazi yangu kufungua kila kitu. Baadaye nilimuuliza na akanijibu kama mtu anayeulizwa jambo la wazi: jora lilibaki, kitambaa kilikuwa kizuri, angetafuta kingine kwa nini?

Siku yenyewe tulikuwa ofisini kwa Mchungaji, chumba kidogo nyuma ya ukumbi, mchana, tumeizunguka simu moja. Makanisa yalikuwa yanateremka barabara moja, watu wa bangi wanapanda nyingine. Wakakutana njia panda. Ilikuwa kama mto kuingia mto. Makoti samawati huku, makoti samawati kule, akina mama mbele kila upande, kola zimesimama. Polisi walikuwa wamejipanga katikati kuwatenganisha, nikawaona wanazunguka na mikono imening'inia, hawajui wa kumsukuma. Kwaya ya makanisa ikaanza pambio. Watu wa bangi nao walilijua, nani hakukulia kanisani? Wakaitikia, tena kwa sauti nne. Mama mmoja wa kanisa alichoka akaegemea bango lililokuwa karibu, akapigwa picha amelishika, na bango linasema mmea si jinai.

Mchungaji aliisogeza simu puani. "Wetu ni wapi?"

Shemasi akavaa miwani, akatazama kwa makini, kama alivyolitazama lile bango la polisi. Akachukua muda wake.

"Mchungaji," akasema, "bote ni bangu."

Wote ni wake! Nilitegemea dhoruba. Mchungaji aliweka simu mezani, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alicheka mpaka akaomba maji. Jumapili iliyofuata Shemasi alipita na kikapu cha sadaka, na hakuna mtu aliyeuliza kitu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa miezi mingi, tukasikia anaumwa, tukasikia amepona, tukasikia hatarudi. Asubuhi moja napita mtaa wa Xiaobei, namwona ndani ya mgahawa wa uji wa mchele, amekaa dirishani peke yake. Alikuwa amekonda. Nikaingia, nikamwamkia, akainuka mzima kunipokea kama kawaida yake ingawa niliona kuinuka kumekuwa kazi.

Tukaagiza uji. Tukaongea ya nyumbani, ya nani amefariki, ya nani ameoa. Kisha akatazama kushoto na kulia akainama mezani.

"Mama, nilipitia Cape."

"Kufanya nini, Papa?"

"Kuangalia pindo." Akanywa uji kidogo. "Kijana alinialika. Nilimuambia, mimi nitasimama pembeni, kwa trottoir. Mimi siko wa bangi. Nikasimama pembeni. Batu wakapita mbele yangu, Mama, muzuri, muzuri sana. Nilirekebisha moja tu, kola."

"Halafu?"

"Halafu mama mumoja muzee sana akasimama mbele yangu. Mugongo umepinda hivi. Aliniambia, na kijana wetu akatafsiri, alifungwa akiwa binti, juu ya muti mumoja tu wa bangi ulimea kwa uwanja wake. Muti mumoja! Alizalia mtoto mu gereza. Sasa anatembea kila mwaka, lakini miguu imechoka, na wale vijana wanatembea haraka. Akanipa mukono, namna hii. Hakuuliza kama mimi ni wa nani."

Alinyoosha mkono wake juu ya meza, kuonyesha ulivyoshikwa, akauacha pale.

"Ningemuacha mu barabara?" akaniuliza.

"Hapana, Papa."

"Voilà. Basi tulienda pole pole. Nilibeba saki yake ya mukononi. Batu walikuwa wanapiga makofi, wanapiga picha, na mimi sikuona hata pindo moja tena. Tulifika mpaka kule mbele, kwa bunge. Akaketi, nikamutafutia maji."

Nikaweka kijiko chini. Shemasi wa kanisa letu, adui wa moshi. "Kwa hiyo, Papa, umeandamana."

Akakaa wima. Uso ulikuwa na ukali wote wa zamani.

"Hapana. Andika hiyo vizuri mu kichwa yako, Mama. Mimi sikuandamana. Nilimusindikiza mama."

"Sawa, Papa."

"Kusindikiza ni kitu ingine."

"Sawa."

Akarudi kwenye uji wake. Nje watu walipita na mikokoteni ya mizigo, mmoja akamwona dirishani akampungia, naye akajibu kwa kuinamisha kichwa. Alikula vijiko viwili vitatu, akajifuta mdomo taratibu kwa leso, akaikunja.

"Mwaka unaokuja," akasema, bila kunitazama, "amesema nimusindikize tena."